Chai Nyeusi za Kichina: Ununue Ipi Kwanza

Mnunuzi wa chai katika Afrika Mashariki kwa kawaida huangalia mambo mawili, bei na ukolezi, kwa kuwa chai yake itachemshwa pamoja na maziwa, sukari na pengine tangawizi. Chai nyeusi za Kichina hazikutengenezwa kwa matumizi hayo. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hukatwakatwa kwa mashine hadi iwe punje ndogo zinazotoa rangi upesi, ilhali chai nzuri ya China huuzwa ikiwa majani yaliyosokotwa, ambayo hutoa ladha yake taratibu na huweza kumiminiwa maji ya moto mara mbili au tatu kabla ya kuchujuka. Chai nne zifuatazo nimezipanga kwa kuzingatia kile anachopata mnunuzi kwa fedha yake, si kwa umaarufu, na kigezo hicho ndicho kilichoiweka mkiani ile iliyo ghali kuliko zote.

Nafasi ya kwanza naipa Dianhong ya jimbo la Yunnan. Chai hii ilianza kutengenezwa katika wilaya ya Fengqing mwaka 1938 na 1939, wakati vita na Japani vilipokuwa vimevuruga maeneo ya chai ya mashariki mwa China, na mtaalamu Feng Shaoqiu akapelekwa Yunnan kutafuta chai nyingine ya kuuza nje. Miti ya huko ina majani mapana, ya jamii ileile ya Assam iliyoenea pia katika mashamba ya Kenya, kwa hiyo mnywaji wa kwetu atautambua uzito wake mdomoni tangu funda la kwanza. Ladha yake huelekea kwenye asali na viazi vitamu vilivyochomwa, ikiishia na ukali mdogo wa pilipili manga. Wauzaji hupenda kuisifu kwa wingi wa machipukizi ya rangi ya dhahabu. Machipukizi hayo huifanya chai iwe laini na tamu, lakini pia huipunguzia nguvu, na kwa maoni yangu daraja la kati, lenye mchanganyiko wa machipukizi na majani, ni bora kwa asubuhi na bei yake ni nafuu. Huandamana vizuri na mahamri, viazi vitamu na nyama ya kuchoma, na katika orodha hii ndiyo pekee ambayo sitamlaumu mtu akiitia maziwa kidogo.

Ya pili ni Qimen, kutoka wilaya ya jina hilo katika jimbo la Anhui, ambayo mtu akiniuliza ipi ina harufu nzuri zaidi nitamtajia bila kusita. Hadi miaka ya 1870, ilipoanza kutengeneza chai nyeusi, wilaya hiyo ilijulikana kwa chai ya kijani. Majani yake madogo hunyaushwa, husokotwa, huachwa yachache mpaka yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Lakini kazi inayoitofautisha chai hii huanza baada ya hapo, kwani majani makavu hupitishwa kwenye chekeche za matundu ya ukubwa mbalimbali, hupepetwa na kuchambuliwa hadi yabaki vijiti vyembamba, vyeusi, vilivyolingana. Chai yake ni nyekundu angavu, yenye harufu inayokaribia waridi, ladha ya kakao na matunda makavu, na moshi wa mbali sana. Daraja la Hao Ya lina majani madogo na ladha iliyokolea zaidi. Mao Feng ina majani marefu yaliyopinda na ni ya upole. Sukari nyingi huifunika harufu hiyo, kwa hiyo utamu na utoke kwenye kitafunwa: tende, keki isiyo na krimu, au mkate wa siagi. Gramu 3 kwa mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka, kwa dakika 3, zinatosha.

Lapsang Souchong ni ya tatu kwa sababu moja tu, kwamba si ya kila mtu. Asili yake ni kijiji cha Tongmu katika milima ya Wuyi, jimbo la Fujian, ambako majani hukaushwa kwa moshi wa kuni za msonobari. Iliyotengenezwa vizuri huacha utamu wa matunda chini ya moshi. Ile ya bei rahisi hunuka lami, wala haina tiba. Ionje kwa samaki wa kukaushwa kwa moshi au mayai, na usiinywe pamoja na kitu chenye iliki.

Ya mwisho ni Jin Jun Mei, iliyobuniwa Tongmu mwaka 2005 kwa kutumia machipukizi matupu, ambayo nusu kilo yake huhitaji makumi ya maelfu ya machipukizi yaliyochumwa kwa mkono. Ni chai nzuri sana, lakini jina lake limebandikwa kwenye machipukizi ya kila mahali, na asiyeifahamu hana njia ya kutambua alichouziwa. Kwa bei hiyo utapata Qimen ya daraja la juu na chenji.

Yoyote utakayochagua, nunua gramu 50 kwanza, kwa muuzaji anayetaja eneo na mwaka wa mavuno, na ukatae pakiti yenye vumbi jingi chini. Nyumbani iweke kwenye kopo linalofunga barabara, mbali na kabati la karafuu na mdalasini, kwa maana majani ya chai hufyonza harufu ya jirani yake upesi mno.