Mtambo wa mnara na mafuta ya karafuu: uzoefu wangu wa miezi minane

Kwanza kabisa: sipiki gongo. Naanza na hilo kwa sababu boksi la mtambo wangu wa kukenekea (wa kuchemsha kitu na kuupooza mvuke wake uwe kimiminika) lilipofunguliwa bandarini, kijana aliyekuwa anakagua alilitoa lile bomba refu la stenlesi, akaligeuza, akaitazama kofia yangu, akalitazama tena bomba. "Mwalimu, hichi ni cha nini?" Nikamwambia cha mafuta ya karafuu. "Mafuta ya karafuu ndiyo yanataka hichi chote?" Nikaona ananionea. Leo, miezi minane baadaye, nakiri kwamba yule kijana aliuliza swali ambalo mimi nilipaswa kujiuliza kabla sijatoa pesa.

Nilichonunua ni hiki. Sufuria ya lita 30 yenye hita ya umeme ya wati 1,500, mnara wa sentimita 60 unaokaa juu ya kifuniko, vipoozeo viwili (kimoja kichwani mwa mnara, kimoja pembeni), vipimajoto viwili, pampu ndogo ya maji, na mfuko wa vipete vya stenlesi vya kujaza ndani ya mnara. Mpaka umefika Chake Chake, Pemba, pamoja na usafiri, umenila laki saba na ishirini. Muuzaji, ambaye simtaji, aliandika kwamba unafaa kwa "mafuta ya mimea, maji ya mawaridi na vinywaji". Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoniponza.

Lengo lilikuwa dogo. Mke wangu anatengeneza sabuni na kuuza mafuta ya karafuu kwenye vichupa, na alikuwa akiyanunua kwa watu. Shamba la mkwe wangu liko upande wa Mtambile. Karafuu zenyewe hazigusi sufuria yangu, zinakwenda ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kama za kila mtu, na makonyo, yaani vikonyo vyake, yana kiwanda chake pale Wawi. Lakini majani makavu yanayoanguka chini ya mikarafuu yanafagiwa na kuchomwa moto. Karafuu kavu ina mafuta kama asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake, makonyo asilimia 5 au 6, majani 2 hivi. Asilimia 2 ya kitu kinachochomwa moto ni faida tu, nikasema.

Jaribio la kwanza nilitia kilo nne za majani kwenye kikapu cha ndani, maji lita 15 chini yake, nikasimamisha mnara na vipete vyake vyote, nikafungua maji ya kipoozeo cha juu kama karatasi ya maelekezo ilivyotaka. Saa sita nzima. Yaliyotoka ni maji lita tatu tu, na mafuta mililita 11. Mke wangu alikishika kichupa, akakitikisa, akasema, "Kwa umeme huu si bora tungeendelea kununua?"

Hapo chupuchupu niandike maoni ya nyota moja. Nashukuru sikuandika, maana mtambo haukuwa na kosa. Ulifanya kazi yake sawasawa; mimi ndiye nilikuwa nimeupa kazi isiyo yake.

Ili nieleweke, lazima nieleze mnara ule unafanya nini hasa. Mvuke unapopanda kutoka kwenye sufuria unakutana kichwani na kipoozeo cha maji baridi. Sehemu kubwa inageuka kimiminika na kurudi chini, inatiririka juu ya vipete. Wakati huohuo mvuke mpya unapanda kupitia vipete hivyohivyo. Wanapokutana, wanabadilishana: kilicho kizito kuruka kinatoka kwenye mvuke, kinageuka kimiminika na kushuka, na joto linaloachiwa hapo linakichomoa kilicho chepesi kuruka kutoka kwenye kimiminika na kukipandisha. Chukua spiriti, yaani ethanoli, iliyochanganyika na maji: spiriti inachemka kwenye nyuzi 78, maji 100, kwa hiyo kila hatua ya kupanda mvuke unazidi spiriti na kupungua maji. Fikiria ungo. Ukipeta mchele mara moja, makapi bado yamo. Mnara ni kama nyungo nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, mvuke unapetwa hapa, unapetwa pale, na unaofika juu umeshapetwa mara kadhaa bila wewe kugusa kitu. Vipete kazi yake ni kutoa nafasi kubwa ya kukutania ndani ya bomba jembamba. Vya kwangu ni vile vya mtindo wa Friedrich Raschig, mkemia wa Kijerumani: silinda fupi tupu, urefu sawa na upana wake. Vinaonekana kama shanga kubwa za mtoto.

Sasa jiulize, karafuu inataka kupetwa? Haitaki. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujino, na yujino peke yake inachemka kwenye nyuzi 254. Haitoki kwa kuchemka. Inatoka kwa kubebwa na mvuke wa maji, kidogo kidogo, chini kidogo tu ya nyuzi 100. Kila lita ya mvuke inayotoka inabeba sehemu yake ya mafuta, na isiyotoka haibebi kitu. Mimi nilikuwa nachemsha kama lita mbili kwa saa na robo tatu yake naizuia kichwani na kuirudisha ilikotoka. Juu ya hapo mafuta yalikuwa yanapaka vipete na kubaki humo. Nilipovimwaga kwenye beseni, jikoni zima lilinuka kama kwa daktari wa meno.

Siku ya pili nikauondoa mnara. Nikaunganisha kifuniko na kipoozeo cha pembeni kwa bomba fupi nililochomelewa na fundi pale Machomane kwa elfu kumi na tano. Majani kilo nne, maji lita 15, saa sita. Maji lita 12, mafuta mililita 58. Mtambo uleule, umeme uleule.

Hapo pia palitokea kioja. Chupa ya kupokelea waliyoniletea imetengenezwa kwa mafuta yanayoelea, ya mchaichai kwa mfano. Mafuta yanabaki juu na maji yanatokea kwenye mrija wa chini. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Kwa hiyo ile chupa nzuri ya kioo ilikuwa inanichujia maji na kuyamwaga mafuta kwenye ndoo! Aliyeona ni mke wangu, alipokwenda kuimwaga ndoo akakuta matone ya rangi ya asali yametulia chini, yanamtazama kama macho ya samaki. Tangu siku hiyo tunatumia jagi refu la kioo: mafuta yanazama, maji yanafurika kwa juu. Na yale maji meupe kama tui hatumwagi tena, maana yana mafuta yaliyoyeyuka ndani yake. Yanarudi kwenye sufuria kwa mpiko unaofuata. Kwa hiyo karafuu nayo ina kurejesha kwake, ila kinachorejeshwa ni maji baada ya kutengana na mafuta, na yanarejeshwa kwa ndoo.

Basi mnara ukakaa uvunguni miezi miwili, mpaka siku nilipokuwa nasafisha maabara ya skuli.

Nasomesha kemia na baiolojia. Wanafunzi wanapopima wanga kwenye jani, jani linachemshwa kwenye ethanoli ili litoe ukijani wake, halafu ndipo linatiwa ayodini. Ethanoli ile inabaki kijani kama maji ya mlenda na kila mwaka tunaimwaga, na kila mwaka tunalia kwamba ethanoli ni ghali. Nilikuta galoni ya lita tano imejaa. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaupeleka mtambo skuli, na Kidato cha Sita wakapata somo ambalo kwenye kitabu ni mchoro tu.

Tuliiweka nje kwenye baraza ya maabara, mbali na moto wowote. Mvuke wa ethanoli unashika moto kwa cheche, kwa hiyo jiko la mkaa au la gesi karibu na kitu hiki ni kutafuta balaa. Tukaongeza maji mpaka lita kumi ili hita isibaki kavu spiriti ikishatoka, kipimo cha spiriti kikasoma kama asilimia 28. Tukawasha. Kwa nusu saa ya mwanzo hatukuchukua hata tone. Tuliacha kila kitu kirudi chini, mnara utulie. Ukiweka kiganja karibu na bomba unasikia joto linavyopanda taratibu, sehemu ya chini moto, ya juu bado baridi, halafu ghafla kichwa nacho kimepata joto.

Kipimajoto cha sufuria kilisoma 88. Cha juu kilisoma 75. Wanafunzi wakashangilia, mimi nikakunja uso, kwa sababu 75 haiwezekani. Ndipo nilipokumbuka kukipima kwenye maji yanayochemka. Sisi tuko usawa wa bahari, maji ya Pemba yanachemka 100, na kile kikasema 97. Ongeza tatu: 78. Hapo ndipo nilipoupenda mtambo. Chini 88, juu 78, na kati yao sentimita sitini za shanga za chuma. Tofauti ile ya nyuzi kumi ndiyo kazi yote ya mnara, unaisoma kwa macho.

Tukafungua kidogo sana, tone kwa tone, tukichukua sehemu moja kwa kila tano zilizorudi. Ikatoka nyeupe kama maji ya mvua, asilimia 93. Kwa sufuria ile bila mnara, mpiko mmoja ungetupa 70 hivi na hapo ndipo mwisho. Binti mmoja akauliza kwa nini tusifike 100 kwa mnara mrefu zaidi. Jibu ni kwamba ethanoli na maji zikifika karibu asilimia 96 kwa uzito, mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko mmoja, na hapo ungo hauna cha kupeta tena, hata ujenge mnara mrefu kama mnara wa simu. Kipimajoto cha juu kilipoanza kupanda, 76, 78, 82 kwa hesabu yake ya uongo, tukajua spiriti imekwisha na kinachokuja ni maji.

Mvulana mmoja hakuvumilia, akapandisha umeme wakati nimegeuka. Mnara ukaanza kukoroma kama mtu anavuta buruma. Hiyo ni gharika: mvuke unapanda kwa nguvu mpaka kimiminika hakipati njia ya kushuka, kinajaa ndani ya vipete na kurushwa juu. Dawa yake ni kupunguza moto na kusubiri. Na niliwaambia wazi, niwaambie na nyinyi: ethanoli ya maabara na spiriti ya dukani mara nyingi hutiwa methanoli makusudi, na mnara haukuhakikishii kuiondoa. Ile ni ya kuchemshia majani. Gongo la kupikwa uwani lina sheria yake na maiti zake.

Nilipokuwa natayarisha somo lile nilicheka peke yangu. Aliyesajili mtambo wa mnara uliosambaa viwandani, mwaka 1830, ni Aeneas Coffey wa Ireland, na kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa ushuru wa pombe. Yule kijana wa bandarini ana ukoo mrefu.

Kasoro nazo zipo, na si za kufichwa. Kipimajoto nimeshakisema. Mpira wa kuzibia kifuniko ulivimba na kulainika baada ya mipiko sita, mafuta ya karafuu yanakula mpira. Kwa sasa naziba kwa unga wa ngano uliokandwa, kama walivyofanya wazee, na hauvuji hata kidogo. Pampu ni ya kitoto. Mchana maji ya tangi letu yana joto la kuogea mzazi, kipoozeo kinashindwa na mvuke unatoka kama ulivyo, kwa hiyo tunapika usiku. Umeme ukikatika, pampu inasimama na sufuria bado inachemka kwa muda, basi nimeitupa, naleta maji kwa mteremko kutoka kwenye pipa lililo juu ya banda. Karatasi ya maelekezo ilieleza mnara kwa mistari minne na kusafisha sufuria kwa ukurasa mzima.

Chuma chenyewe ni kizuri. Hakijashika kutu, na hilo kwa karafuu ni muhimu, maana yujino ikigusa chuma cha kawaida mafuta yanageuka meusi.

Nyota: sufuria nne, mnara tano, muuzaji moja na nusu. Kama shida yako ni karafuu, mchaichai au mlangilangi, usinunue mnara. Tafuta sufuria pana yenye shingo fupi, na pesa iliyobaki nunua kipoozeo kikubwa. Kama una skuli au maabara inayomwaga ethanoli, nunua mnara na usichelewe.

Wa kwangu uko kabatini skuli, umefungwa kwa kufuli kwa amri ya mwalimu mkuu. Sufuria iko uwani kwetu. Wiki iliyopita sheha alipita magharibi, akasimama kwenye ua, akanusa. "Mwalimu, unapika nini leo?" Nikamwambia majani. Akasita kidogo, halafu akashika shavu. "Basi nipatie kijichupa. Gego linaniua tangu juzi."