Laini ya Pili Kwanza: Mwongozo wa Kununua Intaneti ya Akiba kwa Nyumba za Mombasa

Nyumba nyingi za Mombasa zilizounganishwa na faiba zina pia simu yenye data, na kwa sababu hiyo wenyewe huamini kwamba wana akiba. Akiba ya kweli hupimwa kwa swali moja tu: je, kinachoiangusha intaneti ya nyumbani kinaweza kuiangusha na hii ya pili kwa wakati uo huo? Ikiwa kinaweza, basi mnunuzi amelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Orodha ifuatayo imepangwa kwa kipimo hicho, kuanzia kile kinachostahili kununuliwa kwanza hadi kile ambacho nyumba nyingi hazina haja nacho, na kasi iliyochapishwa kwenye kasha la kifaa haikuzingatiwa sana.

Kabla ya kutoa pesa, inafaa kujua ni nini hasa kinachokata. Mara nyingi si intaneti yenyewe bali ni umeme: ruta inazimika, na watu wa nyumbani wanasema mtandao umepotea ilhali waya wa faiba uko salama. Sababu ya pili ni waya kukatwa, ama na wachimbaji wa barabara na mabomba, ama na lori refu lililopita chini ya nyaya zilizolegea kwenye nguzo. Ya tatu ni hitilafu ndani ya kampuni inayouza huduma. Ya nne ni adimu lakini huwagusa wote. Mombasa ndiyo mlango ambao intaneti ya Kenya huingilia kutoka baharini. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika hapa mwaka wa 2009, na EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa faiba na wa data ya simu nchini Kenya na nchi jirani walizorotewa na mtandao siku moja. Dhidi ya tukio la namna hiyo data ya simu haisaidii sana, na muuzaji anayeahidi vinginevyo asiaminiwe. Dhidi ya sababu tatu za kwanza inasaidia, mradi imenunuliwa kwa mpango.

Nafasi ya kwanza: laini ya pili, ya kampuni nyingine

Simu nyingi zinazouzwa siku hizi zina nafasi mbili za laini, na laini yenyewe ni bei ya chini mno. Kinachohitajika ni kitambulisho cha kuisajilia. Sharti ni moja: isiwe ya kampuni ileile inayoleta faiba nyumbani. Mwenye faiba ya Safaricom aweke laini ya Airtel, na mwenye Zuku anaweza kuchagua Safaricom au Airtel kulingana na ipi inashika vizuri mtaani kwake. Anayetumia faiba na laini za kampuni moja huwa amejikinga dhidi ya waya kukatwa mlangoni kwake tu, kwa kuwa mitambo ya kampuni ikipata hitilafu vyote viwili huenda pamoja.

Ipi inashika vizuri ni jambo la kupimwa, wala si la kuulizia kwa jirani, maana katika mji huu nyumba mbili zinazopakana zinaweza kupata mawimbi tofauti kabisa. Katika Mji wa Kale kuta za mawe ya matumbawe ni nene kiasi kwamba simu inayoonyesha alama zote ikiwa dirishani hubakiwa na moja tu ikiingizwa chumba cha ndani. Simu za Android huonyesha nguvu ya mawimbi kwa tarakimu, katika mipangilio, sehemu ya taarifa za simu, penye hali ya laini. Tarakimu hizo ni hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: kwa 4G, -85 dBm ni nzuri, -100 inavumilika, na ikishavuka -110 mtu asitarajie simu ya video isiyokatika. Vipimo vichukuliwe mahali ambapo kazi itafanyika, na vichukuliwe kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati mnara una watu wengi. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba faiba ya mtaa mzima ikikatika, mtaa mzima huhamia kwenye mnara uleule kwa dakika ileile, na kwa hiyo kasi iliyopimwa saa nne asubuhi siku ya kawaida haitaonekana siku ya shida.

Kwa nyumba zenye kuta nene, Faiba 4G ya Jamii Telecommunications, ambayo licha ya jina lake ni mtandao wa simu, inastahili kujaribiwa, kwa kuwa hutumia masafa ya 700 MHz, na masafa ya chini hupenya kuta vizuri kuliko ya juu. Lakini si kila simu inayapokea masafa hayo, kwa hiyo mtu ahakikishe kwanza kwamba simu au ruta yake ina kile kinachoitwa bendi ya 28, la sivyo atakuwa na laini isiyosoma.

Baada ya laini ni kifurushi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini bando la siku moja huoza, na tena huoza usiku ukiwa umelala. Akiba inataka data isiyo na muda wa kuisha, aina ambayo Safaricom ilianza kuiuza mwezi Oktoba 2019. Bei yake kwa kila GB huwa juu kuliko ya bando la siku au la wiki, na hilo lisimzuie mtu, kwa sababu hapa analipia uhakika wa kuikuta siku atakapoihitaji. Inunuliwe mapema. Ukingoja faiba ikatike ndipo ununue, unaweza kukuta kwamba M-Pesa yako iko kwenye laini ambayo nayo imepoteza mtandao, na pesa zipo lakini hazifikiki. Laini hiyo itumike angalau mara moja kila mwezi, hata kama ni kwa kumpigia mtu simu, kwani laini ya malipo ya kabla ikikaa kimya kwa miezi kadhaa hufungwa.

Kiasi cha kuweka kinategemea watu wa nyumba kuliko kazi zenyewe. Ujumbe wa maandishi na barua pepe havili data ya kutajika. Netflix, kwa maelezo yake yenyewe, hula hadi 3 GB kwa saa ikiwa picha ni ya HD, na takriban 0.7 GB kwa ubora wa wastani, kwa hiyo katuni za watoto kwa jioni moja zinaweza kumaliza kile ambacho mzazi angefanyia kazi kwa siku kadhaa. Wezi wakubwa zaidi ni wale wasioonekana: kompyuta inayojisasisha, na simu inayopandisha picha za harusi ya wikendi kwenye hifadhi ya mtandaoni mara tu inapoona waifai. Katika Windows kuna chaguo la kuutambulisha mtandao kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo, na mtandao wa simu yako uwekewe alama hiyo mapema. Kwa maoni yangu, mtu mmoja anayefanya kazi nyumbani anatoshelezwa na akiba ya GB 5, na familia yenye watoto iweke 10 pamoja na kanuni ya nani anaruhusiwa kuungana.

Kwa kompyuta moja, heri kuunganisha simu kwa waya wa USB kuliko kwa hotspoti. Simu hupata chaji papo hapo, haichemki sana, na jirani hakuombi nywila. Msimu wa kaskazi, simu iliyowekwa juu ya dirisha lenye jua ili ipate mawimbi, huku ikigawa data na kuchajiwa, hupata moto hadi ikapunguza kasi yenyewe au ikakataa kuchaji. Iwekwe dirishani, ndiyo, lakini kivulini.

Nafasi ya pili: UPS ndogo ya ruta

Kitu hiki hakina data hata kidogo, na pengine msomaji atashangaa kukikuta juu ya vifaa vya data. Ni betri ndogo inayokaa kati ya chaja na ruta, na bei yake ni shilingi elfu chache. Faiba ya kawaida ya majumbani haihitaji umeme njiani kati ya kituo cha kampuni na nyumba, kwa hiyo umeme ukikatika mtaani huku kituo kikiwa na jenereta, kinachokosekana ni umeme wa ruta yako tu. Betri ya 10,000 mAh hubeba takriban Wh 37 (wati-saa, yaani wati 37 kwa saa moja), nayo huweza kuendesha ruta ya wati 10 kwa muda wa saa tatu hivi, ukitoa kinachopotea njiani. Angalia voltiji iliyoandikwa chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 12 ingawa zipo za 9, na kama kisanduku cha faiba na ruta ni vitu viwili tofauti, nunua UPS yenye matundu mawili.

Ambaye mtaa wake hukatiwa umeme zaidi kuliko unavyokatikiwa waya akinunue hiki kwanza. Ila umeme ukipotea kwa saa nyingi, kama ilivyokuwa nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, betri za minara nazo huisha, na kampuni mbili zilizotundika antena zake juu ya mnara mmoja zinaweza kuzimika pamoja.

Nafasi ya tatu: ruta inayopokea laini

Hii inamfaa mwenye nyumba ya watu wanne au zaidi, mwenye kufanya kazi za wateja wa nje, au anayepangisha vyumba kwa wageni huko Nyali na Bamburi, ambao hawatakubali kuambiwa wasubiri fundi. Ubora wake juu ya simu ni kwamba haihitaji simu ya mtu kubaki nyumbani, hupokea vifaa vingi, na haina betri ya kuvimba.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo mnunuzi asiwe na haraka. Jambo la kwanza ni kuhakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja. Ruta nyingi za mitumba zinazoletwa kutoka nchi za Ghuba zilitolewa na kampuni za huko na hukubali laini za kampuni hizo peke yake. Dukani huwaka vizuri, na taa ikiwaka mnunuzi huridhika. Nenda na laini yako, itie, na ufungue ukurasa wa intaneti papo hapo kabla ya kulipa. Jambo la pili ni bendi, kama ilivyoelezwa. La tatu ni matundu ya antena ya nje, ambayo kwa nyumba ya mawe yana thamani kuliko maandishi ya 5G, kwa sababu antena inaweza kupandishwa darini huku ruta ikibaki chini. La nne ni umeme: ikitumia voltiji 12 itaingia kwenye UPS uliyokwisha nunua. Na iwe imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kampuni za simu nazo hutoa ruta zao kwa malipo ya kila mwezi. Huduma hizo zinafaa kuwa intaneti kuu pale ambapo faiba haijafika. Kwa akiba sizipendekezi: anayelipa kila mwezi kwa kitu anachokitumia siku mbili ana intaneti mbili, na huduma hizo zinazoitwa hazina kikomo mara nyingi huwa na kiwango ambacho kikishapitwa kasi hupunguzwa.

Mwenye kamera za ulinzi ajue pia kwamba mitandao ya simu kwa kawaida haimpi mteja anwani yake pekee ya intaneti, kwa hiyo kamera zilizopangwa kufikiwa moja kwa moja kutoka nje hazitaonekana faiba ikikatika. Zile zinazopitia programu ya mtengenezaji huendelea kufanya kazi.

Nafasi ya nne: MiFi, au simu ya zamani

MiFi, yaani ruta ndogo ya mfukoni yenye laini na betri yake, inamfaa anayesafiri mara kwa mara kati ya Mombasa na Malindi kuliko anayekaa nyumbani, kwani antena yake ni ndogo na betri yake ni ile ya simu ya kawaida. Simu ya zamani iliyolala kwenye droo hufanya kazi ileile bila gharama, ila isiachwe kwenye chaja mchana na usiku katika joto letu, maana betri huvimba ikasukuma kioo.

Nafasi ya tano: ruta inayobadilisha njia yenyewe

Hii hupokea faiba na laini kwa pamoja na kuhama bila kuguswa. Kwa duka linalopokea malipo ya kadi au kliniki inayotunza rekodi mtandaoni, inafaa. Nyumbani ina kasoro inayotokana na wema wake: faiba ikikatika hakuna anayejua, televisheni inaendelea, na data yote inaisha kabla ya swala ya isha. Anayeitaka ahakikishe ina uwezo wa kutuma arifa inapohama na wa kuvizuia baadhi ya vifaa visipite kwenye laini.

Nafasi ya mwisho: dishi la setilaiti

Starlink ilianza kutoa huduma Kenya mwezi Julai 2023, na ndiyo pekee katika orodha hii isiyotegemea waya wa mtaani wala mnara wa jirani. Kama akiba ya nyumba yenye faiba, hata hivyo, bei ya kifaa ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa kazi ya siku chache, dishi linataka anga tupu lisilozibwa na minazi wala ghorofa, na karibu na bahari vifungo vyake hushika kutu upesi visipokuwa vya chuma kisichoshika kutu. Linakula umeme mara kadhaa kuliko ruta, kwa hiyo UPS ndogo iliyotajwa juu haiwezi kuliendesha. Litahitaji inveta na betri kubwa, na gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kuagiza.