Magwanda ya Filamu za Vita: Kipi Ununue Kwanza na Kipi Ukiache

Mtu anayeanza kukusanya mavazi na vifaa vilivyotumika katika filamu za vita kwa kawaida hutamani kwanza kitu cha nyota: koti la mhusika mkuu, kofia ya chuma iliyoonekana kwenye bango, au darubini aliyoishika jemadari katika pambano la mwisho. Mimi pia nilianza hivyo, na ilinichukua muda kubadili mpangilio wangu. Katika mwongozo huu ninavipanga vitu vinavyouzwa sokoni kuanzia kile ninachokiona bora kwa mnunuzi wa kipato cha kawaida hadi kile ambacho ningemsihi asikiguse. Kipimo changu ni kimoja tu: je, kitu chenyewe kinaweza kueleza kilikotoka bila kuyategemea maneno ya muuzaji?

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza ni ya gwanda la mwigizaji wa nyongeza, yaani yule askari asiye na jina anayekimbia nyuma ya mhusika mkuu, anayeanguka majini, au anayesimama zamu getini wakati wakubwa wanazungumza. Filamu ya vita ina sifa ambayo filamu nyingi nyingine hazina, nayo ni kwamba huvalisha watu wengi mno kwa mavazi yanayofanana. Mapigano ya ufukweni yanayofungua filamu ya Saving Private Ryan ya mwaka 1998 yalipigwa picha Ballinesker, katika kaunti ya Wexford nchini Ireland, yakiwa na mamia ya waigizaji wa nyongeza, wengi wao askari wa akiba wa jeshi la nchi hiyo, na kila mmoja alihitaji koti, suruali, gaiters (vifuniko vya kifundo cha mguu na muundi), mkanda na kofia. Kazi ya ukubwa huo ikiisha, huacha nguo nyingi halisi zilizokuwa mbele ya kamera, na wingi huo ndio unaoifanya bei ya koti moja iwe ya mamia ya dola wakati koti la nyota wa filamu hiyohiyo linaweza kufika makumi ya maelfu.

Ili kulielewa gwanda la namna hii ni lazima kuzielewa nyumba za kukodisha maleba. Western Costume ya Los Angeles ilianzishwa mwaka 1912, na Angels ya London ina historia inayorudi nyuma hadi 1840. Kampuni za aina hii hushona au hununua magwanda kwa ajili ya filamu moja, huyarudisha ghalani upigaji picha unapokwisha, kisha huyakodisha tena kwa filamu nyingine, kwa tamthilia za televisheni na kwa majukwaa, wakati mwingine kwa miongo kadhaa, mpaka nguo ichakae au ghala lijae ndipo iuzwe. Kwa hiyo koti moja laweza kuwa limepigana vita vitatu au vinne vya kwenye skrini. Wapo wakusanyaji wanaoiona hali hiyo kuwa dosari. Mimi naiona kuwa ndiyo historia ya nguo yenyewe, na sijawahi kulipunguzia thamani koti kwa sababu lilifanya kazi zaidi ya mara moja.

Ushahidi wa maisha hayo uko kwenye lebo. Angalia ndani ya kola, kwenye mfuko wa ndani, na ndani ya mkanda wa kiuno wa suruali, ambako utakuta kipande cha kitambaa chenye jina la kampuni, na chini yake, kwa wino au kwa taipureta, jina la mwigizaji au namba, pamoja na vipimo vya kifua, kiuno na mkono. Lebo mbili au tatu zilizoshonwa moja juu ya nyingine humaanisha kwamba nguo ilitoka kwenda kazini zaidi ya mara moja. Jina la kampuni nalo husaidia kukadiria umri. Kampuni za Bermans na Nathans za London ziliungana mwaka 1972, na muungano huo ukanunuliwa na Angels mwaka 1992, kwa hiyo lebo yenye majina hayo mawili pamoja kwa kawaida ni ya kipindi hicho. Ukiuziwa koti lenye lebo hiyo kwa madai kwamba lilivaliwa katika filamu ya miaka ya sitini, muulize muuzaji jambo hilo liliwezekanaje. Huenda akawa na jibu zuri, kwa mfano kwamba nguo ya zamani iliwekewa lebo mpya ilipobadilisha ghala, lakini jibu hilo litoke kwake kabla hujalipa.

Baada ya lebo, kagua namna nguo ilivyochakazwa, kwa sababu hapo ndipo kazi ya fundi wa filamu inapojitofautisha na uchakavu wa miaka. Fundi husugua viwiko na magoti kwa msasa, huitia nguo rangi ya chai au ya udongo, na hupaka vumbi mahali ambapo jasho na matope vingekaa kwa askari aliyelala handakini wiki nzima. Mara nyingi utaona pia mpasuko mdogo mgongoni au ubavuni uliokatwa ili mkanda wa usalama wa mwigizaji wa matukio ya hatari upite, au tundu lenye kingo zilizoungua kifuani mahali palipofichwa fataki ndogo na mfuko wa damu bandia. Mkusanyaji wa vitu vya kijeshi vya kweli angekiona kila kimoja cha vitu hivyo kuwa kasoro. Kwetu sisi ni sahihi ya filamu. Kwa sababu hiyohiyo, jaribio la taa ya miale ya urujuanimno, linalotumiwa kukamata uzi wa kisasa katika nguo inayodaiwa kuwa ya mwaka 1944, halituambii lolote baya kuhusu koti lililoshonwa miaka ya tisini kwa ajili ya kamera: uzi kung'aa ndilo jambo la kutarajiwa.

Nafasi ya pili naipa vifaa vya mwilini: mikanda ya turubai, vifuko vya risasi, vibuyu vya maji, mabegi ya mgongoni na hasa kofia za chuma. Havina lebo nzuri kama nguo, lakini ni imara, huonekana vizuri rafuni, na vingi vina mihuri. Vifaa vya turubai vya Kiingereza vya muundo wa mwaka 1937, kwa mfano, hupigwa mhuri wa herufi za mtengenezaji, mwaka, na alama ya mshale wa serikali. Kofia ya M1 ya Kimarekani ndiyo inayodanganya watu wengi kuliko kifaa kingine chochote. Iliyotengenezwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ilifuliwa kwa chuma cha manganizi, na bakuli lake halishikwi na sumaku, ilhali kofia nyingi za mfano huo zilizotengenezwa Ulaya baada ya vita hushikwa mara moja. Nenda mnadani ukiwa na sumaku ndogo mfukoni. Angalia pia maungio ya ukingo, ambayo yalikuwa mbele hadi kuelekea mwisho wa 1944 na baadaye yakahamishiwa nyuma, na vile vishikizo vya ukanda wa kidevu, vilivyokuwa vimegandishwa mwanzoni na vikawa vya kuzunguka kuanzia 1943. Hata hivyo, wenye filamu mara nyingi walitumia kofia za baada ya vita, na kwa askari wa mstari wa nyuma walitosheka na plastiki. Kofia isiyolingana na mwaka wa hadithi yaweza kabisa kuwa ndiyo iliyotumika, mradi rangi, namba ya ghala na karatasi zinakubaliana.

Nafasi ya tatu ni kununua kitu halisi cha jeshi cha aina ileile inayoonekana katika filamu, ingawa hakikuwahi kupita mbele ya kamera. Blauzi ya sufu ya Kiingereza ya Vita Kuu ya Pili, yaani koti fupi la askari, ina lebo ya saizi, mtengenezaji na mwaka, na soko lake linafahamika vizuri kuliko la filamu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hapa pana mvuto wa pekee, kwa sababu King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilipigana hadi Burma, na sare zake za kaki na kofia zake za ukingo mpana huonekana mara chache sana kwenye skrini. Lakini naomba tuwe waangalifu. Medali na kofia za Keya zilizobaki ziko mikononi mwa familia, na mjukuu anayeuza kwa shida ya wiki moja anaweza kuijutia biashara hiyo maisha yake yote. Mimi huomba ruhusa ya kupiga picha na kuandika maelezo ya mzee, kisha naiacha medali pale ilipo.

Nakala nzuri zilizoshonwa upya nimeziweka nafasi ya nne, na sina mengi ya kusema juu yake. Zinafaa kwa maonyesho, hazina thamani ya kuuza tena, na hatari yake ni kwamba baada ya mikono miwili mitatu huanza kuitwa za filamu.

Vitu vya nyota vinafuata katika nafasi ya tano. Haviko chini kwa sababu ni vibaya. Viko hapo kwa sababu ukikosea, unakosea kwa fedha nyingi. Piano iliyopigwa katika mgahawa wa Rick katika filamu ya Casablanca iliuzwa na nyumba ya mnada ya Bonhams mjini New York mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3.4, na kwa bei za namna hiyo waghushi hawalali. Ukiwa na uwezo, kubali tu kitu kilicholinganishwa na picha ya filamu yenyewe kwa alama isiyojirudia, kama vile doa lenye umbo fulani, mshono uliopinda, au mkwaruzo kwenye kifungo. Kufanana kwa muundo peke yake hakutoshi, kwa kuwa nyota mmoja hushonewa koti lilelile mara nne au zaidi, moja safi, moja la matope, moja la mwigizaji mbadala. Usisahau pia kwamba bei ya nyundo, yaani ile inayotangazwa mnada unapofungwa, siyo bei utakayolipa: ada ya nyumba ya mnada mara nyingi hukaribia au hupita robo ya bei hiyo, na baada yake zinafuata kodi, bima na usafirishaji.

Mwisho kabisa ni vitu vinavyokuja na hati ya uthibitisho na hakuna kingine. Hati iliyochapwa na muuzaji mwenyewe, isiyosema kitu kilitoka kwa nani, lini na kwa risiti gani, haina uzito wowote. Niliwahi kununua mkanda wa turubai kwa kuiamini hati ya namna hiyo, na nilipoufungua nikakuta kiwanda kimechapa ndani yake mwaka wa baada ya filamu kutoka. Katika kundi hilohilo naviweka vile vipande vidogo vya kitambaa vilivyokatwa kutoka kwenye gwanda na kubandikwa kwenye kadi. Kila kadi inayonunuliwa hulipa gharama ya kuharibu nguo nyingine nzima, na kwa hilo siwezi kuwa mpole.

Bunduki sizipangi. Hata zile za mpira zilizomiminwa kutoka kwenye kalibu ya bunduki halisi, ambazo ndizo waigizaji wengi wa nyongeza hubeba, zinafanana mno na za kweli kiasi kwamba Uingereza iliwekea masharti uuzaji wa mifano ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2006. Kumweleza ofisa wa forodha pale Dar es Salaam au Mombasa kwamba ni ya sinema ni safari ambayo sishauri mtu aianze bila kibali cha maandishi.

Suala la sheria haliishii kwenye bunduki. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo, Uganda mwaka 2019 iliiweka hata bereti nyekundu miongoni mwa mavazi rasmi ya jeshi lake, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya nayo inakataza raia kuvaa sare za majeshi. Kwa hiyo msomaji anayeishi katika nchi hizi aachane kabisa na kombati za mabakamabaka, hata zikitoka kwenye filamu ya Vietnam na hata zikiwa za bei nafuu kwenye robota la mitumba, achague sufu na kaki za zamani za majeshi ya mbali, aulize kwanza kwa mamlaka zinazohusika, na asitoke nazo mwilini barabarani. Anayenunua sare za Kijerumani za filamu za Vita Kuu ya Pili ajue pia kwamba Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi isipokuwa kwa madhumuni machache kama sanaa na elimu, na masoko mengi ya mtandaoni hayavipokei vitu hivyo.

Kinachobaki ni utunzaji, ambao kwenye joto na unyevu wa pwani unaweza kuyamaliza magwanda haraka kuliko nondo wa Ulaya. Usitundike koti zito kwenye waya, na usilifunge kwenye plastiki, kwa kuwa ukungu huanza hapo. Lilaze, jaza mikono yake kwa karatasi isiyo na asidi, na ulifunike kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa bila blichi. Nguo ya sufu inayoingia nyumbani kwa mara ya kwanza ifungwe vizuri, na kwa hatua hii peke yake plastiki inaruhusiwa, ikae wiki mbili kwenye friza ili mayai ya nondo yafe, kisha iachwe irudie joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Damu bandia ina sukari na huvuta wadudu, kwa hiyo kagua madoa yake kila mwezi. Lakini usifue. Matope yale kwenye pindo na weusi ule kwenye kola vilipakwa kwa brashi na mtu aliyelitazama koti jipya akafikiria askari wake alilala wapi usiku uliopita, na maji ya dakika kumi yanatosha kuifuta kazi yake.