Filamu bubu ya vichekesho: okestra au kinanda?

Ukionyesha filamu ya Buster Keaton, mchekeshaji wa enzi za filamu zisizo na sauti, ukumbini Mbeya, muziki una njia mbili. Kinanda kimoja hakina makuu: mtu akiteleza kwenye skrini, vidole vinateleza naye, watu wakicheka mno, mpigaji anawasubiri. Okestra haisubiri mtu. Kila mwanguko uhesabiwe kwa sekunde na kuandikwa kwa noti za muziki, na filamu ikienda picha 24 kwa sekunde badala ya 18, hesabu yote imeharibika. Lakini tromboni ikimngurumia polisi mnene, weee! Na noti zisikutishe: Charlie Chaplin, mchekeshaji mwenzake Keaton, hakujua kuzisoma; muziki wa filamu yake City Lights (1931) aliutunga, mwingine akauandika. Mimi ningeandikia tarumbeta nane za bendi ya usharika, kinanda kizibe mapengo.