Vitabu vya kutafunwa: mwaka mmoja na ushee na mwanangu

Kitabu cha kwanza nilichomnunulia mwanangu kilikuwa cha karatasi za kawaida, nacho kilidumu asubuhi moja. Nilikiacha mkekani nikaenda kuepua chai, kurudi nikamkuta na nusu ya twiga mdomoni. Alikuwa na miezi sita, meno ndiyo yanaota. Baba yake alinicheka: mtoto huyu unamsomea nini? Nikamwonyesha kwenye simu kwamba madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2014 wanataka wazazi washauriwe kuwasomea watoto toka uchanga. Akasema Marekani hawana kazi.

Sasa bwana mdogo ana mwaka na miezi minane, na tumeshajaribu vya aina tatu.

Cha kitambaa tuliletewa zawadi. Kina michoro myeusi na myeupe, na ukikiminya kinachakarika kama mfuko wa nailoni. Kwa mtoto mchanga kinafaa, maana miezi ya mwanzo anaona vizuri kilicho karibu tu, sentimita 20 hadi 30 hivi, tena chenye rangi zilizoachana sana. Kasheshe ni kukifua. Ndani kina sponji, na kwa masika ya Dar kilikaa kambani siku tatu, nikakianua kinanuka tambara la deki.

Cha plastiki, cha kuchezea kwenye beseni, sina mengi. Maji yaliingia kwenye mshono, ndani kukaota ukungu, nikatupa.

Vya kadibodi ndivyo vilivyobaki. Kimoja nilinunua kipya dukani kwa shilingi 15,000, vinne ni vya mitumba, 3,000 kila kimoja, kwa wauza vitabu wa barabarani kule Posta. Kile kipya karatasi ya juu ilianza kubanduka wiki ya pili, na mtoto akishaiona ncha hana kazi nyingine. Vya mitumba vimeshapita kwa watoto wa watu. Cha kubanduka kilishabanduka huko huko. Mimi nakipima hivi: nabana pembe kwa kucha nione kama matabaka yanaachana, kisha nakifungua chini. Kikijifunga chenyewe nakirudisha, maana mtoto hana mkono wa kukishikilia. Kukisafisha ni kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, halafu nakisimamisha wazi kama hema kikauke. Usikiloweke.

Kimoja kilikuwa na vitufe vya sauti za wanyama. Nilipokigeuza nikakuta kifuniko cha betri hakina skrubu. Zile betri ndogo za duara mtoto akimeza zinaunguza koo ndani ya saa chache tu, kwa hiyo nilizitoa hapo hapo. Ng'ombe sasa analia kwa mdomo wangu.

Tatizo ni kwamba vyote vinne ni vya Kiingereza. Nilikuwa natafsiri neno kwa neno, na kabla sijafika ukurasa wa pili mwenzangu ameshatambaa hadi mlangoni. Ndipo mama mkwe akaja kutoka Muheza. Kiingereza hajui na wala hakuhangaika nacho. Alipofika kwenye picha ya watoto wanaocheza kwenye theluji, akampakata akamwambia, "Mume wangu, ona hawa, wamemwaga unga wote! Mama yao akirudi leo!" Mtoto alicheka mpaka udenda ukamtiririka. Bibi alishaondoka, lakini ukurasa ule tukiufikia anaupiga kofi, "Unga!" Nami siku hizi maneno nayaacha yalivyo, nafuata picha.

Vya mitumba navipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku nikipata chenye ugumu huu huu kwa Kiswahili, kwa sababu vya Kiswahili nilivyovikuta madukani vilikuwa vya karatasi laini, na twiga bado namkumbuka.