React na Watoto wa Komponenti: Nilichokipenda na Nilichokiacha

Karibuni tena watazamaji wangu. Leo nachambua React, maktaba ya JavaScript ya kujengea skrini za tovuti na programu, ila si React nzima. Tunakaa na jambo moja: namna inavyokuruhusu kuweka komponenti, yaani kipande cha skrini, ndani ya komponenti nyingine.

Tazameni skrini. Hii ni komponenti yangu, Kadi. Chochote nitakachoandika kati ya tagi yake ya kufungua na ya kufunga kinaingia ndani kupitia propu (taarifa ambayo komponenti hupewa kutoka nje) inayoitwa children, yaani watoto. Picha, fomu, aya tatu, Kadi haijui wala haina haja ya kujua. Inachora mpaka wake, inawaweka watoto mahali pao, basi. React ilitolewa kwa umma mwaka 2013, mengi yamebadilika tangu hapo, na hili bado ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kuna na faida ambayo wengi hawaioni: hali ya ndani ya Kadi ikibadilika, tuseme imekunjwa au imekunjuliwa, wale watoto walioletwa kutoka nje hawachorwi upya. Elementi zao, yaani maelezo ya kile cha kuchora, ni zilezile, kwa hiyo React inawapita.

Shida huanza mzazi anapotaka kuwapekua watoto wake. Nilijenga vichupo (tabs), vile vya kubonyeza ili kubadili maudhui, kwa njia hiyo. Nikawapitia watoto mmoja mmoja kwa Children.map, kisha kwa cloneElement, inayonakili elementi, nikampa kila mmoja propu ya kumwambia kama ndiye aliyechaguliwa. Nilifurahi sana siku hiyo! Baadaye mwenzangu akachukua vichupo viwili, akavifunga ndani ya komponenti yake. Vikafa ganzi. Nilihangaika jioni nzima, maana hapakuwa na ujumbe wowote wa kosa. Children.map inaona kile ulichoandika tu, haioni kile ambacho komponenti itakuja kukichora. Propu zangu ziliishia kwa ile komponenti ya nje, nayo haikuzipitisha.

Halafu angalieni hili. Naandika neno Habari peke yake ndani ya Kadi, nauliza children.length, napata 6. Imehesabu herufi! Naweka elementi moja, jibu ni undefined. Kwa hiyo msiichukulie children kama safu (array), hata siku moja.

Nyaraka rasmi za React zenyewe sasa zinaweka Children na cloneElement katika kundi la zana za zamani, na mimi nakubaliana nazo kabisa. Ninachotumia leo ni muktadha (context), njia ya mzazi kutoa thamani inayosomwa na komponenti yoyote iliyo ndani yake. Mzazi anatangaza ni kichupo kipi kimechaguliwa, na kila kichupo kinajisomea kwa useContext, hook (kazi maalumu ya React inayoitwa ndani ya komponenti) iliyokuja na toleo la 16.8 mwaka 2019. Gharama yake ipo: thamani ya muktadha ikibadilika, wote wanaoisoma wanachorwa upya. Kwa vichupo vichache hutahisi chochote. Na kama vichupo vyako ni jina na maudhui tu, pitisha safu ya vitu kama propu ya kawaida, usijisumbue.

Wanaotumia toleo la 19, ref, kiungo cha kuifikia elementi yenyewe kwenye ukurasa, sasa inapita kama propu nyingine yoyote, na forwardRef iliyokuwa ikiipitisha haihitajiki tena. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Kwa kupokea watoto, naipa React alama zote. Kwa kuwapekua, sikushauri uanze na njia hiyo kwenye mradi mpya.

Sasa narudi kwenye vile vichupo viwili vya mwenzangu, bado vimefungwa ndani ya komponenti yake. Nabonyeza cha pili... kimefunguka.