Kabini ya hifadhi ya jimbo, Pennsylvania, Marekani: nyota nne, ya tano imebaki njiani kwenda chooni

Kutoka mlango wa kabini yetu mpaka jengo la vyoo ni hatua 142. Nimezihesabu mwenyewe, saa tisa usiku, mkono mmoja nimeshika tochi, mwingine nimemshika mama mkwe, naye kajitanda kanga mbili juu ya koti la baridi. Tulipofika nusu ya njia akasimama kupumzisha magoti.

"Mwanangu," akaniambia, "na hapa pia umelipa?"

Nimelipa, mama. Hifadhi siilaumu, maana maelezo yote yalikuwepo na mimi ndiye niliyeangalia picha tu. Pennsylvania wana malazi ya aina kadhaa ndani ya hifadhi zao za jimbo. Kabini za kisasa zina choo na bafu ndani. Zile zilizoandikwa Rustic, yaani za kizamani, zina taa, friji, jiko la kupikia, vitanda na mahali pa kuwasha kuni, lakini choo na bafu ni vya pamoja, viko nje huko. Kuna na vijumba vidogo vya watu watano, na yurti, lile hema la duara lenye sakafu ya mbao. Mimi niliona ukuta wa magogo na moshi unatoka juu ya paa, nikabonyeza. Kwa hiyo kabla hujaangalia picha, jiulize nani anaamka usiku kwenye msafara wako.

Kupata nafasi kwenyewe ni kazi. Nafasi hufunguliwa miezi 11 kabla ya tarehe unayoitaka, na wenyeji wanalijua hilo kama wanavyojua siku zao za kuzaliwa. Mimi niliingia Machi nikitafuta Julai, watoto wakiwa likizo. Julai ilishakwenda. Nikahangaika wiki nzima, kila nikitoka zamu ya usiku nafungua simu kwenye basi, mpaka nikabahatisha siku mbili katikati ya Oktoba, nadhani kuna mtu alighairi. Nilinuna kidogo. Sasa hivi hata mtu anipe Julai bure nitafikiria mara mbili, maana Oktoba ile milima ya kaskazini ilikuwa nyekundu, njano na rangi ya kutu, na mbu hakuna hata mmoja. Baridi ipo, jiandae. Asubuhi kioo cha gari kilikuwa na barafu ya kukwangua.

Bei sina neno. Tulikuwa familia mbili, yangu na ya mdogo wangu, tukagawana, kila familia ikatoa chini ya dola 100 kwa siku zote mbili. Kiingilio cha hifadhi hakuna kabisa, Pennsylvania hawatozi, wakati majirani zao kadhaa utalipia gari getini. Ukiwa unaishi jimbo lingine kabini utauziwa ghali zaidi kidogo, kwa hiyo kama una ndugu mkazi, yeye ndiye achukue nafasi na aje naye.

Sasa kabini yenyewe. Magogo mazito yamefungwa kona kwa kona, sakafu inalia ukikanyaga, na mbele kuna meko ya mawe makubwa ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kusimama ndani yake (alisimama, akatoka mweusi). Kibao ukutani kinasema ilijengwa na vijana wa CCC, ule mpango wa Rais Roosevelt wa mwaka 1933 mpaka 1942, wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira wakati uchumi umeanguka. Walipanda miti, wakachonga barabara, wakajenga kabini kama hizi. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja nyumbani kwao. Nilimsomea mama mkwe hiyo habari. Akapapasa jiwe, akasema, "Kumbe na wao walikuwa wanatuma." Tukacheka sote, maana mezani hapo kila mtu mzima alikuwa na risiti ya kutuma pesa kwenye simu yake.

Ukija kabini hizi, mashuka, blanketi, sufuria, sahani, sabuni, vyote beba mwenyewe. Ukiacha friji na jiko, utakuta kitanda na godoro tu. Sisi tulisahau kisu. Siku mbili vitunguu vilikatwa kwa kisu cha mfukoni cha shemeji, ambacho asubuhi kilikuwa kimetumika kukata kamba. Simu haishiki mtandao hata upande juu ya meza, kwa hiyo pakua ramani na hati yako ya malipo kabla hujaondoka mjini.

Kuni ndizo zilizotaka kutugombanisha. Shemeji alikuwa amepakia magogo ya mti aliokata nyuma ya nyumba yake, pande za Philadelphia, anajisifu ameokoa pesa. Nikamshusha. Kuni za mbali hazibebwi kupelekwa porini, zinahamisha wadudu. Yuko yule mdudu wa kijani anayeua miti ya ash, na yuko mwingine mwenye mabawa ya madoa, spotted lanternfly, ambaye hapa Marekani alionekana mara ya kwanza mwaka 2014, kaunti ya Berks, Pennsylvania hii hii. Mayai yake anayapaka juu ya gogo, jiwe, hata gari, na yanafanana na tope lililokauka. Nilimwonyesha shemeji bandiko moja kwenye gogo lake la juu kabisa, la kijivu, refu kama kidole gumba. Sijui kama lilikuwa mayai au tope kweli. Lilitosha kumnyamazisha.

Tukanunua kuni karibu na hifadhi, kwa muuzaji wa barabarani. Zilikuwa mbichi. Ukizigonga zinatoa sauti ya tikiti badala ya sauti ya mbao, na hilo nilipaswa kulijua, nimekulia kwenye moto wa kuni. Juu ya hapo shemeji akawasha moto bila kufungua kile kilango cha chuma kilichomo ndani ya bomba la moshi. Dakika tatu, moshi mpaka kwenye vitanda vya ghorofa, kengele ya dari inapiga kelele, watoto wako nje na soksi. Kilango kinafunguliwa kwa mkono mdogo wa chuma ulio juu ndani ya meko. Ingiza tochi uuone kabla hujawasha kiberiti.

Usiku wa pili tuliendesha saa nzima kwenda hifadhi ya Cherry Springs kuangalia nyota. Ni kati ya sehemu zenye giza zaidi mashariki ya Marekani, na uwanjani tochi nyeupe haziruhusiwi, ni taa nyekundu tu. Tumefika, mtoto wa mdogo wangu anashuka garini, viatu vyake vinawaka kila akikanyaga. Giza lote lile, na sisi tunapita na disko. Mtu mmoja gizani akaguna. Mama yake akamvua soksi akazivalisha juu ya viatu, tukaendelea. Mama mkwe alilala chali kwenye mkeka, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikamgusa kuhakikisha hajalala. Alikuwa anauangalia ule mkanda mweupe wa nyota.

Kupe wapo hata Oktoba, msidanganywe na baridi. Tulikagua watoto kila jioni, nyuma ya masikio na kwenye kiuno cha suruali, tukampata mmoja.

Tumerudi, na kikumbusho cha miezi 11 nimeshakiweka kwenye simu. Nilimwambia mama mkwe safari hii nachukua ya kisasa, choo hatua nne kutoka kitandani. Akafikiri kidogo.

"Hiyo yenye choo ndani," akauliza, "ina moto wa kuni?"

Ninaangalia picha tena, na safari hii nasoma na maelezo.